Vijiti vimejaa, mtandao hauendi: kutatua matatizo ya modi na muda kwenye draiva za kadi za Wi-Fi, Lamu

Lamu mtu akiona Wi-Fi inasumbua, kwanza hulaumu ukuta, kisha mwenye kuuza intaneti. Ukuta wa matumbawe kweli ni mnene na hula ishara, na intaneti kweli hukatika. Lakini kazi nyingi zinazonifikia hazina uhusiano na nguvu ya ishara. Zinatokana na mambo mawili yaliyo ndani ya draiva, yaani programu inayoendesha kadi: kadi imewekwa kwenye modi (hali ya kazi) gani, na imeambiwa isubiri kwa muda gani kabla ya kurudia kutuma, kukata unganisho au kulala. Vijiti vya kwenye skrini havisemi lolote kuhusu mambo hayo, kwa sababu vinaonyesha nguvu ya ishara inayofika na basi. Ndiyo maana mtu hununua antena kubwa, akaifunga juu ya paa kwa gharama, na shida ikabaki pale pale.

Nimeandika kwa kufuata dalili: tafuta inayofanana na yako, anzia hapo. Amri zote ni za Linux, na nyingi zinafaa pia kwenye ruta zinazoendeshwa na OpenWrt, Linux ya ruta. Kadi nimeiita `wlan0`. Kwako inaweza kuwa `wlp2s0` au jina jingine. Redio yenyewe nimeiita `phy0`.

Kwanza ijue kadi yako

Jina lililoandikwa kwenye boksi halitoshi. Kampuni moja huuza kadi za jina moja zenye chipu tofauti, na draiva hufuata chipu. Kwa hiyo:

```
lspci -k
lsusb
iw dev
iw list
```

Ya kwanza inaonyesha kadi za ndani pamoja na draiva inayoziendesha, ya pili inaonyesha kadi za USB. `iw dev` inakuambia kadi iko modi gani sasa hivi, na `iw list` inakuambia kadi inaweza nini kwa jumla. Tofauti ya hizo mbili za mwisho ndiyo hutatua nusu ya kesi za modi, nawe utairudia mara kwa mara.

Ukikuta draiva ni `ath9k`, una bahati. Ni kadi za zamani kidogo, lakini draiva yake iko wazi na inakubali kurekebishwa karibu kila kitu. `iwlwifi` ya Intel ni nzuri sana kwa laptopu, ila haikuruhusu kugusa muda wa umbali. Kadi iliyo ndani ya Raspberry Pi hutumia `brcmfmac`, na huko mambo mengi huamuliwa na programu iliyo ndani ya chipu, si Linux.

Dalili: umechomeka kadi ya USB, kompyuta inaona diski

Kadi nyingi za USB za bei nafuu zenye chipu ya Realtek huanza maisha zikijifanya diski ya CD yenye draiva za Windows. Kwenye `lsusb` utaona namba `0bda:1a2b`. Hiyo si hitilafu, kadi iko kwenye modi ya diski. Itoe:

```
sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b
```

Angalia `lsusb` tena. Namba ikibadilika, kadi imegeuka kuwa kadi ya Wi-Fi, na kama kerneli yako (kiini cha Linux) ina draiva yake itajitokeza kwenye `iw dev`. Ikigeuka na bado haionekani, tatizo sasa ni draiva, basi soma `dmesg`, yaani ujumbe wa kerneli.

Dalili: kadi ipo, lakini haioni mtandao wowote

Hapa watu huhangaika sana bure. Wanafuta draiva na kuiweka upya, wengine hata mfumo mzima. Anza na `rfkill list`. Ikisema imefungwa kwa swichi ya programu, `sudo rfkill unblock wifi` inatosha. Imefungwa kwa swichi ya kifaa, tafuta kitufe kwenye kompyuta.

Kama rfkill iko safi, soma mstari wa `type` kwenye `iw dev`. Ikiandika `monitor`, kadi imeachwa kwenye modi ya kusikiliza tu: inapokea kila fremu (kipande cha data) inayopita hewani, haijiungi na mtandao wowote. Mara nyingi kuna kijana alijaribu programu ya kuchungulia mitandao, akaizima bila kuirudisha kadi mahali pake. Irudishe:

```
sudo ip link set wlan0 down
sudo iw dev wlan0 set type managed
sudo ip link set wlan0 up
```

Ule mstari wa kwanza ni wa lazima. Ukijaribu kubadilisha modi kadi ikiwa juu, utajibiwa `Device or resource busy (-16)`. Ukiishusha na bado ikajibu hivyo, kuna programu imeishikilia, na mara nyingi ni NetworkManager, msimamizi wa mitandao wa Linux. Mwambie aiache kwanza kwa `sudo nmcli device set wlan0 managed no`, fanya kazi yako, kisha mrudishie kwa `managed yes`.

Nami naomba hili lichukuliwe kwa uzito: modi ya kusikiliza ni ya kupima mtandao wako mwenyewe. Kunasa mawasiliano ya jirani ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, na mji wetu ni mdogo, nyumba zimegusana.

Dalili: kadi inakataa modi unayoitaka

Kosa la `Operation not supported (-95)` lina maana moja: hiyo haimo katika uwezo wa draiva. Fungua `iw list`, shuka hadi `Supported interface modes`. Kama `AP` haimo kwenye orodha hiyo, kadi haiwezi kuwa kituo cha kugawa Wi-Fi, hata ubadilishe nini kwenye hostapd, programu ya kugawa Wi-Fi.

Kesi inayojirudia zaidi ni ya mwenye duka au nyumba ya wageni anayetaka laptopu moja ipokee Wi-Fi kutoka kwa jirani na hapo hapo igawie wateja. Mteja wangu mmoja wa Langoni aliniuliza, "Fundi, mbona simu inaweza na kompyuta haiwezi?" Jibu liko chini zaidi kwenye `iw list`, sehemu ya `valid interface combinations`. Pale draiva inaeleza ni modi zipi zinaweza kukaa pamoja, na mwishoni inaandika kitu kama `#channels <= 1`. Maana yake, unaweza kupokea na kugawa kwa wakati mmoja, ila zote mbili lazima ziwe kwenye chaneli moja. Jirani akiwa chaneli 11 na wewe umeandika chaneli 6 kwenye hostapd, upande mmoja utakufa. Weka hostapd kwenye chaneli ile ile unayopokelea, na utengeneze uso wa pili wa redio hiyo hiyo:

```
sudo iw dev wlan0 interface add ap0 type __ap
```

Hata ikifanya kazi, kasi itagawanyika, kwa kuwa redio moja inabeba kila pakiti mara mbili. Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba vingi nashauri kadi ya pili ya USB.

Kuna jamaa wa karibu wa dalili hii. Umeunganisha majengo mawili kwa Wi-Fi, redio ya upande wa pili inapata intaneti vizuri, lakini kompyuta zilizo nyuma yake hazipati anwani. Modi ya kawaida ya mteja hubeba anwani ya kadi yenyewe tu, na fremu za kompyuta nyingine hazina nafasi ya kuandikiwa jina lao. Kinachohitajika ni modi ya anwani 4, kwa pande zote mbili. Upande wa mteja amri ni `iw dev wlan0 set 4addr on`. Kwenye OpenWrt inaitwa WDS.

Dalili: mtandao unashtuka, unakwenda kisha unaduwaa

Mfano: kurasa zinafunguka lakini simu ya video inakwama kila mara. Au printa ya ofisi inapotea, ukiizima na kuiwasha inarudi. Au unaingia kwenye kompyuta nyingine kwa SSH na kila herufi inachelewa kutokea. Ishara ni nzuri, ruta iko chumba hicho hicho.

Hapa mshukiwa wa kwanza ni usingizi wa kadi. Ruta hutoa tangazo lake kila baada ya milisekunde 102.4, kwenye mipangilio imeandikwa 100, kwa sababu kipimo kimoja ni maikrosekunde 1,024. Kadi iliyo kwenye hali ya kuokoa umeme huzima redio, huamka kusikiliza tangazo, na humo ndimo ruta huandika kama kuna pakiti zimewekwa akiba. Pakiti ikikufikia kadi imelala, inakaa kwa ruta ikingoja tangazo lijalo. Pakiti za kwenda kwa wote, kama zile za kuuliza "anwani hii ni ya nani?", hungoja zaidi: hutolewa kila baada ya matangazo kadhaa, kulingana na namba inayoitwa DTIM. DTIM ikiwa 3, hiyo ni zaidi ya milisekunde 300. Kadi dhaifu ikikosa kuamka mara mbili tatu mfululizo, printa inaonekana imepotea kabisa.

Namna ya kuthibitisha wengi huikosea. Wanapiga pingi (ujumbe mfupi wa kupima muda wa jibu) kutoka kwenye laptopu kwenda kwa ruta, wanaona majibu ya haraka, wanaiondoa kadi kwenye orodha ya washukiwa. Lakini laptopu ikituma yenyewe tayari imeamka, na kwa kawaida Linux huiacha macho kama milisekunde 100 baada ya kazi, hivyo jibu la ruta lililo karibu linaikuta macho. Piga pingi kutoka upande wa pili: kutoka kwa ruta, au kutoka kompyuta iliyofungwa kwa waya, kwenda kwa laptopu. Ukiona milisekunde 4, 87, 112, 31, 96, yaani namba zinaruka ovyo kati ya chache na mia na ushee, piga tena kwa kasi:

```
sudo ping -i 0.05 192.168.1.23
```

Namba zikitulia zote chini ya 10 pindi unapopiga kwa kasi, umepata ushahidi. Kadi haikupewa nafasi ya kulala, na tatizo likaondoka. Zima usingizi:

```
iw dev wlan0 get power_save
sudo iw dev wlan0 set power_save off
```

Hiyo hudumu mpaka utakapowasha upya. Ili ikae, tengeneza faili ndani ya `/etc/NetworkManager/conf.d/` lenye mistari hii:

```
[connection]
wifi.powersave = 2
```

Namba 2 ni kuzima, 3 ni kuwasha. Wengi huandika 0 wakidhani ndiyo kuzima, na hakuna kinachobadilika.

Draiva nyingine zina usingizi wao wa ndani ambao amri hizo haziufikii. Kwenye `iwlwifi` andika `options iwlmvm power_scheme=1` kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`. Kwa Realtek mpya zinazotumia `rtw88` jaribu `options rtw88_core disable_lps_deep=y`, na kama ni kadi ya ndani ya laptopu, ongeza `options rtw88_pci disable_aspm=y`. Usinakili mistari ya draiva isiyo yako. Amri `modinfo -p` ikifuatiwa na jina la moduli inaorodhesha vigezo ambavyo draiva yako inavielewa kweli. Kadi za USB zina balaa jingine juu ya hilo: mfumo huzima tundu la USB lenyewe. Nenda kwenye folda ya kifaa hicho ndani ya `/sys/bus/usb/devices/`, faili `power/control` liandikwe `on` badala ya `auto`.

Wanaoendesha mitambo kwa sola huko Kiwayu au Pate watauliza kuhusu umeme. Kuzima usingizi kunaongeza matumizi, kidogo kwa kadi moja. Kwa mashine inayotegemewa na watu wengi nauzima bila kusita. Kwa laptopu ya mtu binafsi, zima ukiwa na simu ya video, kisha rudisha.

Angalizo dogo kwa wenye ruta: msibadilishe muda wa tangazo kutoka 100 kwenda 1000 kwa kusikia kuwa unapunguza msongamano. Kila kadi inayolala itasubiri sekunde nzima.

Dalili: kiungo cha mbali kina ishara nzuri, kasi ni duni

Hili ndilo tatizo la visiwa, na ndilo lililonifanya niandike.

Umefunga antena juu ya paa mjini, nyingine Shela au ng'ambo ya mkondo upande wa Manda. Zinaonana bila kizuizi. Ishara inasoma -61 dBm (kipimo cha nguvu ya ishara; ikikaribia sifuri ni kubwa zaidi), ambayo ni nzuri kabisa. Lakini kupakua faili dogo ni dakika nyingi. Endesha hii:

```
iw dev wlan0 station dump
```

Utapata kitu kama hiki:

```
signal:      -61 dBm
tx packets:  18204
tx retries:  41377
tx failed:   912
tx bitrate:  6.0 MBit/s
rx bitrate:  104.0 MBit/s MCS 13
```

Soma taratibu. Kupokea ni megabiti 104 kwa sekunde, kutuma ni 6. Kwa pakiti 18,204 zilizotumwa, marudio ni 41,377, yaani kila pakiti imerudiwa zaidi ya mara mbili kwa wastani. Ishara kama hiyo haistahili marudio hayo. Tatizo ni subira.

Katika Wi-Fi, kila fremu inayotumwa kwa mtu mmoja lazima ijibiwe mara moja kwa fremu fupi ya kukiri kupokea. Mafundi huiita ACK. Mtumaji hungoja jibu hilo kwa muda uliopangwa, unaohesabiwa kwa maikrosekunde. Likichelewa, anahesabu kuwa fremu imepotea, anaituma tena. Ni kama mtu aliyesimama gatini akamwita nahodha aliye ng'ambo, kisha akageuka na kuondoka kabla sauti ya jibu haijavuka maji. Nahodha amesikia na amejibu. Aliyeita ndiye hakungoja.

Mawimbi ya redio husafiri karibu mita 300 kwa maikrosekunde moja. Kiwango cha 802.11, yaani kanuni za Wi-Fi, kwenye masafa ya 5 GHz kina nafasi ya maikrosekunde 9 kwa kila hatua, na ndani yake safari ya hewani imehesabiwa kuwa chini ya 1. Imefikiriwa nyumba, ofisi, ukumbi. Kwa kilomita 3, kwenda na kurudi ni kilomita 6, yaani maikrosekunde 20. Draiva nyingine huacha nafasi ya ziada, ndiyo maana kiungo cha mita mia kadhaa hufanya kazi bila kuguswa, na ndiyo maana watu hushangaa kinapokufa baada ya kusogezwa mbali kidogo.

Kinachofuata ni kibaya zaidi ya marudio yenyewe. Draiva ina sehemu inayochagua kasi. Ikiona fremu hazijibiwi, inadhani ishara ni dhaifu, inashusha kasi: 104, 52, 26, mpaka 6. Kushusha kasi hakusaidii chochote, kwa sababu umbali ni ule ule na muda wa kungoja ni ule ule. Kadi imeshuka ngazi zote kutafuta tiba ya ugonjwa usio wake.

Na kumbuka upande. Anayeteseka ni yule anayetuma bila subira. Katika mfano wa juu upande wa pili unatuma kwa 104 bila shida, maana yake kule kuna mtu aliyekwisha kurekebisha, au draiva yake ina nafasi zaidi. Tofauti kubwa kati ya tx na rx huku ishara ikiwa nzuri pande zote ndiyo alama ninayoitafuta kwanza.

Tiba:

```
sudo iw phy phy0 set distance 3500
```

Umbali ni kwa mita. Pima kwenye ramani, ongeza kidogo. Programu ya `iw` huigeuza namba hiyo kuwa daraja kabla ya kuipa draiva. Kila daraja ni maikrosekunde 3, sawa na mita 450 za umbali. Mita 3,500 inakuwa daraja la 8, na unaweza kuliandika moja kwa moja kwa `set coverage 8`. Hakikisha imekubalika:

```
iw phy phy0 info | grep -i coverage
```

Itajibu `Coverage class: 8 (up to 3600m)`. Fanya hivyo pande zote mbili. Kwenye OpenWrt:

```
uci set wireless.radio0.distance='3500'
uci commit wireless
wifi reload
```

Ukiwa na kituo kimoja kinachohudumia wateja wengi, weka umbali wa aliye mbali kuliko wote. Muda mfupi mno huua kiungo, muda mrefu mno hukichelewesha tu, kwa sababu kila fremu iliyopotea kweli itangojewa bure na nafasi kati ya fremu hurefuka. Kwa hiyo anza juu, shuka polepole ukipima kasi kila hatua. Usiweke kilomita 50 kwa kiungo cha 3 ukidhani unajipa usalama. `ath9k` inaweza pia kujipimia yenyewe kwa `set distance auto`, ikiwa imejengwa na uwezo huo. Mimi kwa kiungo kisichohama naandika namba.

Amri ikijibu `-95`, draiva yako haina mlango huo. Laptopu yenye Intel haitakuwa mwisho wa kiungo cha kilomita 3 hata ukiipa antena ya nini. Weka redio ya nje yenye chipu inayokubali, na laptopu iunganishe kwayo kwa waya.

Bahari nayo ina saa zake

Usichanganye tatizo la subira na lile la maji kujaa na kupwa. Yote mawili huleta marudio, lakini tiba ni mbali mbali.

Kiungo kinachokatiza maji kina njia mbili: ya moja kwa moja, na ile inayogonga uso wa bahari na kudunda. Zikifika kwa pamoja zinaweza kusaidiana au kufutana, kutegemea tofauti ya urefu wao. Chukua antena mbili zilizo mita 12 juu ya maji yaliyopwa, kilomita 3 mbali. Tofauti ya njia ni kama sentimita 9.6. Maji ya bamvua yakijaa mita 3, antena zimebaki mita 9 juu ya maji, na tofauti inashuka hadi sentimita 5.4. Wimbi la 5.5 GHz lina urefu wa karibu sentimita 5.5. Kwa kuwa wimbi linalodunda juu ya maji hugeuka kinyume, tofauti inayolingana na wimbi zima ndiyo inayofuta. Kiungo kilichofungwa na kupimwa maji yakiwa yamepwa, fundi akaondoka ameridhika, kinaanguka maji yakijaa.

Kutofautisha ni rahisi: andika ishara maji yakiwa yamejaa, kisha yakiwa yamepwa, hasa siku za bamvua. Ishara ikibaki -61 siku nzima na marudio yapo siku nzima, ni muda wa ACK. Ishara ikitoka -58 hadi -80 na saa za kuharibika zikasogea kila siku pamoja na maji, ni mdundo. Hapo usiguse draiva. Panda juu, badilisha kimo cha antena moja, au irudishe nyuma ya ukingo wa paa ili ukingo uzuie njia ya majini huku njia ya moja kwa moja ikibaki wazi. Ukiwa huko fungua viunganishi vya waya wa antena. Chumvi ya hapa huvila, na shaba iliyogeuka kijani haiponi kwa amri yoyote.

Dalili: inaunganishwa kisha inakatwa, au haiungi kabisa

Fungua `dmesg -w` dirisha moja, jaribu kuunganisha kwenye jingine. Ukiona `send auth` ikifuatiwa na `(try 1/3)`, `2/3`, `3/3`, kisha `timed out`, kerneli imetuma ombi mara 3, kila mara ikangoja takriban milisekunde 200, na haikujibiwa. Hilo si neno la siri. Ama ruta haikusikii ingawa wewe unaisikia, jambo la kawaida simu au laptopu ndogo ikiwa nyuma ya kuta mbili za mawe na ruta imefichwa ndani ya kidaka, ama ni umbali ule tuliousema. Neno la siri likikosewa kwenye WPA2 kwa kawaida unaona auth inapita kabisa, kisha unakatwa na `Reason: 15`.

Kukatika katikati ya kazi mara nyingi ni matangazo yaliyokosekana. Kwa kadi ambazo Linux yenyewe ndiyo inayohesabu, kama `ath9k`, matangazo 7 yakikosekana mfululizo, sekunde 0.7 hivi, inaanza kuuliza kama ruta bado ipo. Kwa kiungo cha majini chenye kufifia kwa muda mfupi naiongezea uvumilivu:

```
options mac80211 beacon_loss_count=20
```

Hiyo inaingia `/etc/modprobe.d/` kama zile nyingine. Usiitumie kwenye laptopu inayohama chumba hadi chumba. Itang'ang'ania ruta ya mbali wakati ya karibu ipo.

Modi za zamani na chaneli

Kwa haraka. Kwenye 2.4 GHz weka upana wa megahezi 20. Upana wa 40 ndani ya mji kongwe, ambako kutoka daka moja unaona mitandao ya mtaa mzima, ni kujitafutia kelele. Zima kasi za 802.11b, zile za zamani za megabiti 1, 2, 5.5 na 11, isipokuwa una kifaa kikongwe kisichojua nyingine. Kwenye OpenWrt ni `legacy_rates` iwe `0`. Kila tangazo likitumwa kwa kasi ya 1 linakula hewa ya wote.

Chaneli za 5 GHz zikikataa kutumika kwa modi ya AP na `iw list` inaandika `no IR` mbele yake, angalia `iw reg get`. Ikisema `country 00`, kadi haijui iko nchi gani, basi inajizuia. Andika `sudo iw reg set KE`. Usiandike nchi nyingine ili upate nguvu zaidi. Masafa haya hapa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na redio inayopiga kelele inaumiza kiungo cha jirani kabla haijakusaidia.

Baadhi ya chaneli za 5 GHz hulazimika kusikiliza rada kwanza, kwa kawaida sekunde 60, kabla ya kuanza kutuma. Ruta ikikaa kimya dakika moja baada ya kuwashwa, haijaharibika. Watu huniambia ni rada za meli za bandari mpya. Rada za meli hufanya kazi karibu na 3 na 9 GHz. Zinazohusika na chaneli hizi ni zaidi za hali ya hewa, karibu na 5.6. Kama unarukaruka chaneli kila siku, chagua chaneli 36 hadi 48, ambazo hazina sharti hilo.

Umeme ukirudi

Amri za `iw` hufutika kompyuta ikizimwa, na hapa umeme hauombi ruhusa. Kila kilichokusaidia kiingie kwenye faili: NetworkManager, `/etc/modprobe.d/`, au `uci commit`. Kwa `set distance` kwenye Linux ya kawaida andika huduma ndogo ya systemd (kinachowasha huduma za Linux) inayoiendesha amri hiyo kadi ikishawaka. Kisha chomoa umeme makusudi, uchomeke, na usome `iw dev`, `get power_save` na `phy0 info` upya.

Ukikwama na kwenda kwa fundi mwingine, mpelekee matokeo ya `lspci -k` au `lsusb`, `iw list`, `station dump` ya pande zote mbili, na saa uliyoyachukua pamoja na hali ya maji saa hiyo.